Vizito Mara Moja, Vyepesi kwa Awamu: Kuunda Kompyuta ya Michezo Ukiwa Giteranyi

Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akikosea kununua kadi ya picha, kesho yake anarudi dukani kubadilisha. Wewe uliye Giteranyi, nchini Burundi, huna kesho ya namna hiyo. Kifaa chako kimetoka Bujumbura kikapita Gitega na Muyinga, au kimetoka Kariakoo kikapita Kahama na Ngara, kisha kikavuka mpaka kati ya Kabanga na Kobero. Kukirudisha ni nauli nyingine, maelezo mengine forodhani na kusubiri kwingine. Kigali inaonekana karibu zaidi kwenye ramani, lakini Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo usiijengee mpango.

Kwa hali hiyo, ushauri uliozoeleka wa kumwaga fedha zote kwenye kadi kubwa ya picha haukufai. Kanuni yako iwe hii: vifaa vizito vinunue mara moja, tena vilivyo bora, vifaa vyepesi viongeze kwa awamu. Kasha, pawa saplai, monita na UPS ni vizito na husafiri kwa taabu, lakini ndivyo vinavyodumu miaka mingi bila kupitwa na wakati. Prosesa, RAM, SSD na hata kadi ya picha huingia kwenye begi la msafiri, na ndivyo vinavyopitwa upesi. Kifaa kimoja tu kinakataa kanuni hii, nacho ni mazabodi: ni nyepesi, ila ukiikosea imekufungia njia zote. Tutaifikia baada ya kumaliza habari ya umeme.

1. Anzia ukutani

Mtambo wa Rusumo kwenye mto Kagera, wenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, hauko mbali na kona hii ya nchi, na laini yake inakwenda hadi Gitega. Hata hivyo, kuwa jirani na mtambo si kuwa na volti zilizotulia sebuleni. Umeme wa REGIDESO ukikatika, kinachoharibu vifaa mara nyingi ni ule mshtuko wa kurudi kwake, au volti zinazoshuka jioni wakati kila nyumba imewasha taa.

Tazama kwanza soketi zako. Burundi hutumia plagi za pini mbili za mviringo; Tanzania, Kenya na Uganda hutumia za pini tatu bapa. Kompyuta iliyotoka Dar es Salaam itakuja na waya usioingia ukutani kwako. Usinunue adapta ya bei ya chini inayoacha pini ya ardhi ikining'inia bure. Waya wa pawa saplai huchomoka, kwa hiyo nunua waya mwingine wenye plagi ya hapa na tatizo limekwisha. Kisha mwite fundi umeme ahakikishe kwamba soketi utakayotumia ina waya wa ardhi unaofika ardhini kweli. Bila huo, kasha la chuma linaweza kukutekenya kila ukiligusa, na vifaa vya kuzuia mshtuko vinapungukiwa na nguvu.

UPS ni ya lazima, lakini ijue kazi yake. UPS ya VA 650 haikupi saa za kucheza. Inakupa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu. Unaponunua, usisome VA peke yake, tafuta wati. Nyingi za VA 650 hubeba wati 360 hivi, ambazo zinatosha leo na zitabana ukishaongeza kadi kubwa. Ukiweza, chukua ya VA 1000 au zaidi tangu mwanzo, kwa kuwa ni kifaa kizito na hutaki kukisafirisha mara mbili. Radi ikianza kunguruma msimu wa mvua, chomoa kila kitu ukutani. Hakuna kifaa cha bei ya kawaida kitakachokulinda na radi ya karibu.

Wenye sola wafanye hesabu kabla ya kuchagua vifaa. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, tumia nusu tu ili isife mapema. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na wati-saa 500 hivi. Kompyuta isiyo na kadi ya picha, pamoja na monita, ikila wati 125, utacheza saa 4. Ukiongeza kadi, matumizi yakafika wati 250, betri hiyo hiyo inakupa saa 2.

2. Pawa saplai: usibane fedha hapa

Pawa saplai nzuri huvuka kompyuta mbili au tatu. Mbaya huiua ile ya kwanza. Tafuta ya wati 650 yenye alama ya 80 Plus, Bronze au Gold, kutoka kwa kampuni inayojulikana. Leo utatumia theluthi moja ya uwezo wake, na hilo halikuongezei bili: pawa saplai huvuta kile tu kompyuta inachohitaji. Nafasi inayobaki ndiyo akiba ya kadi ya kesho.

Kagua mambo matatu. La kwanza ni volti za kuingia, zilizo kwenye kibandiko. Iliyoandikwa 100–240 V itaendelea kufanya kazi hata umeme ukishuka hadi 170. Iliyoandikwa 200–240 V inaweza kuzima volti zikishuka jioni. Jihadhari pia na za zamani zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma, na zile za kompyuta za Marekani zinazokubali 115 V pekee. Ndugu aliyeko Ohio au Texas anaweza kukutumia kompyuta kwa moyo safi, ikalipuka siku ya kwanza.

La pili ni mstari wa +12 V. Zidisha ampia zake kwa 12. Sanduku likidai wati 500 huku mstari huo una ampia 20, nguvu ya kweli kwa prosesa na kadi ni wati 240. La tatu ni nyaya. Unataka angalau plagi mbili za pini 8 za kadi ya picha. Na kama nyaya zinachomoka upande wa pawa saplai, usiziazime kamwe kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine. Plagi zinaweza kufanana wakati mpangilio wa umeme ndani yake ni tofauti, na kitakachoungua ni SSD au mazabodi yako.

3. Mazabodi na prosesa: chagua njia kabla ya gari

Soketi ya mazabodi ndiyo inayoamua prosesa gani utaweza kuweka miaka mitatu ijayo. Mfano mzuri ni AM4 ya AMD, iliyoanza 2016. Wengi walionunua bodi zake 2017 waliweza baadaye kuweka Ryzen 5000 na hata 5800X3D ya Aprili 2022, kwa kusasisha BIOS tu. Intel huenda kwa mwendo mwingine: soketi ya LGA1700 ilitoka mwishoni mwa 2021, ikabeba vizazi vya 12, 13 na 14, na 2024 kampuni ikahamia LGA1851. Bodi ya LGA1700 bado inafaa kwa kazi, ila njia yake imefika mwisho.

Kwa mnunuzi wa Giteranyi, njia za busara ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya fedha kidogo: AM4 pamoja na Ryzen 5 5600G. Prosesa hii ina viini 6, haivuti umeme mwingi, na ina sehemu ya picha ndani yake. Itacheza eFootball, GTA V na michezo mingi ya zamani kwa ubora wa kati bila kadi yoyote. Weka kwenye bodi ya B550 yenye nafasi nne za RAM na mbili za M.2. AM4 nayo imefika ukingoni, lakini ukingo wake uko mbali na ulipo: baadaye unaweza kuweka kadi ya picha, kisha ukabadilisha prosesa kwa 5700X3D au 5800X3D ya mtumba, bila kubadilisha mazabodi wala RAM.

Njia ya pili ni ya kudumu zaidi: AM5, iliyotoka Septemba 2022 na ambayo AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. Hapa chagua kwa kujiuliza: kadi ya picha nitainunua lini? Kama ni baada ya mwaka mmoja au miwili, chukua Ryzen 5 8600G, maana sehemu yake ya picha ina nguvu ya kuchezea. Kama ni baada ya miezi michache, chukua Ryzen 5 7600. Sehemu yake ya picha ni ndogo, ya kuonyesha monita tu, lakini prosesa yenyewe ina kasi zaidi na inaipa kadi njia zote 16 za PCIe, wakati 8600G inatoa 8. Iache 8500G, kwa kuwa inatoa njia 4 tu, na kadi yako ya kesho itabanwa.

Epuka pia prosesa zenye herufi F mwishoni, kama Ryzen 5 7500F au Core i5-12400F. Hazina sehemu ya picha. Mjini hiyo ni nafuu ya bei. Kwako, kadi ikifa, kompyuta nzima ni giza mpaka kadi nyingine ivuke Kobero. Prosesa yenye picha zake yenyewe inakuruhusu kuendelea na masomo na kazi wakati unasubiri.

Kuhusu BIOS: kuibadilisha prosesa mara nyingi kunadai BIOS mpya, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo bodi inaweza kufa. Fanya asubuhi, UPS ikiwa imejaa, wala si siku ya mawingu. Bora zaidi, nunua bodi yenye kitufe cha Flashback, kinachoweza kuifufua kwa flashi hata BIOS ikiharibika.

4. RAM na SSD

Kama utaanza bila kadi, RAM ndiyo inayolisha picha, na inalisha vizuri zikiwa mbili. Vipande viwili vya GB 8 vinashinda kimoja cha GB 16 kwa tofauti utakayoiona kwa macho. Hapa njia zetu mbili zinaachana. Kwenye AM4, inayotumia DDR4, weka viwili leo na uongeze viwili kesho. Kwenye AM5, inayotumia DDR5, vipande vinne huishusha kasi sana. AMD yenyewe hutaja DDR5-3600 kwa hali hiyo kwenye Ryzen 7000. Kwa hiyo kwenye AM5 nunua viwili vya GB 16 ukiweza, au kubali kwamba siku ya kuongeza utauza vya kwanza. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, wala kinyume chake. Usimkubalie muuzaji anayesema "RAM ni RAM". Ujue pia kwamba mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na hilo linaupa uzito upande wa AM4 na DDR4 ya mtumba.

SSD, wengi hununua ndogo wakidhani watafuta na kupakua upya. Fikiria bei ya bando lako kwanza. Mchezo kama GTA V unakula karibu GB 100, na michezo ya Call of Duty huzidi hapo. Kuufuta ni kulipa tena data ile ile, usiku kucha, mtandao ukishuka na kupanda. TB 1 ya NVMe ndiyo kianzio cha haki, na ile nafasi ya pili ya M.2 kwenye bodi ndiyo ghala la baadaye. Diski kubwa ya kuzunguka ya mtumba inafaa kuhifadhi nakala za michezo uliyoletewa kutoka Bujumbura, si kuichezea humo.

5. Kadi ya picha: ya mwisho kununuliwa

Siku ikifika, soma mambo manne: kumbukumbu ya kadi, wati zake, plagi zake za umeme, na urefu wake kwa milimita.

Kwa monita ya 1080p, GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kadi unayotaka ikae. Radeon RX 6600 hula wati 132 na GeForce RTX 4060 wati 115. Zote mbili hutumia njia 8 za PCIe, kwa hiyo hazipotezi kitu kwenye 8600G. RTX 3060 ya GB 12 hula wati 170, lakini kumbukumbu yake inaipa maisha marefu. Kwa anayetegemea sola, RTX 3050 ya GB 6 hula wati 70 na haihitaji plagi ya ziada.

Kuna mtego wa kutazama: RX 6400. Ni ndogo, haina plagi, bei yake inavutia. Lakini ina njia 4 tu, zilizopimwa kwa PCIe ya kizazi cha 4. Ukiiweka na 5600G, ambayo ni ya kizazi cha 3, kasi ya njia hizo inakatwa nusu na michezo inaanza kukwama.

Kadi za mtumba ziko nyingi, hasa tangu Septemba 2022 Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka. Iendeshe kwa dakika 20 kabla ya kulipa. Pia kuna kadi za uongo: za zamani zilizoandikwa upya zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na RX 580 zenye viini 2,048 badala ya 2,304. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzifichua kwa dakika moja. Muuzaji asiyekubali uifungue, muage.

6. Kasha, monita na kibodi

Kiangazi cha Juni hadi Agosti huleta vumbi jekundu linaloingia kila penye tundu. Chagua kasha lenye vichujio vinavyochomoka mbele na chini ya pawa saplai, na feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa. Hapo hewa itasukuma kutoka kwenye nyufa badala ya kufyonza vumbi kupitia humo. Liwe na nafasi ya kadi ya milimita 320 hata kama leo huna kadi. Vioo vya ubavuni vinapendeza picha za dukani, lakini barabara haivipendi. Kasha la chuma litafika zima.

Monita nzuri ya inchi 24, 1080p, yenye 100 Hz au zaidi na FreeSync, itahudumia kadi tatu zijazo. FreeSync inakufaa hasa mwanzoni, fremu zinapokuwa chache, kwa kuwa monita inaifuata kasi ya kompyuta. Kibodi za Bujumbura nyingi ni AZERTY, za Dar es Salaam ni QWERTY. Michezo mingi hutegemea herufi WASD; kwenye AZERTY sehemu hiyo hiyo ni ZQSD. Badilisha kwenye mipangilio ya mchezo badala ya kununua kibodi mpya.

7. Vipi kuhusu kompyuta ya ofisi ya mtumba?

Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotoka maofisini ni mlango wa bei nafuu, mradi uzielewe. Chagua yenye kasha la mnara, si ile nyembamba ya kulala. Chagua ya kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu, kama Core i5-8500, kwa kuwa Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haikubali rasmi kizazi cha 6 na cha 7. Ongeza GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, na unacheza.

Lakini hapo ndipo inapoishia. Pawa saplai na mazabodi zake hazifuati vipimo vya kawaida, kwa hiyo huwezi kuhamisha chochote zaidi ya RAM, SSD na kadi. Inunue kama kompyuta ya miaka miwili, usiinunue kama msingi.

8. Mpangilio wa ununuzi

Awamu ya kwanza: kasha, pawa saplai, UPS, monita, mazabodi, prosesa yenye picha ndani, RAM mbili, SSD ya TB 1. Hii safiri nayo mwenyewe au kwa mtu unayemwamini, kwa sababu ndiyo nzito. Dai risiti inayotaja kila kifaa. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kompyuta zimewekwa kwenye 0%, lakini kodi ya thamani na ada nyingine ni hesabu tofauti, kwa hiyo pita kwanza OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi, ukaulize kabla gari halijafika Kobero.

Awamu ya pili: kadi ya picha. Awamu ya tatu: SSD ya pili, RAM zaidi. Awamu ya nne: prosesa bora ndani ya soketi ile ile. Kila awamu uza kile ulichokitoa kingali na thamani. 5600G iliyotoka kwako ni kompyuta ya kwanza ya kijana mwingine wa Muyinga, na fedha yake ni nauli ya kifaa kinachofuata.

Na kwa kuwa awamu hizo zitabebwa mara nyingi na dereva au mfanyabiashara asiyejua lolote kuhusu kompyuta, usimwambie "niletee RAM". Mpe karatasi yenye mistari mitano: jina kamili la mazabodi na toleo lake, aina ya RAM, kasi yake na ukubwa, namba kamili ya prosesa hadi herufi ya mwisho, nafasi iliyobaki kwa kadi kwa milimita, na wati za pawa saplai pamoja na idadi ya plagi za pini 8. Chini yake andika kwa herufi kubwa: kama hakuna hiki hasa, usinunue, nipigie simu.